Mashabiki wa Ulinzi tungoje hadi lini?

Kuna jambo nililoligundua katika usemi wa mashabiki wa kandanda hapa Gilgil, nami kwa kuwa kazi yangu ni kufundisha isimu, siwezi kulipuuza. Timu inaposhinda, watu husema "tumeshinda". Inapolazwa, husema "wamefungwa". Dakika 90 zatosha kubadilisha kiambishi cha nafsi. Siku hizi "tu-" imekuwa adimu vinywani mwa wafuasi wa Ulinzi Stars, na hata mimi nimejikuta nikitumia "wa-" bila kukusudia.

Mji huu ni mji wa kambi za jeshi, na timu ya wanajeshi tuliihesabu kuwa yetu. Ilitwaa ubingwa wa ligi mara tatu mfululizo, 2003, 2004 na 2005, kisha ikautwaa tena 2010. Kwa miaka mingi ilichezea nyumbani katika uwanja wa Afraha, Nakuru, safari fupi ya matatu kutoka hapa. Baadaye ilihamia Lang'ata, Nairobi, na tangu 2010 kombe halijarudi. Uchungu ulizidi msimu wa 2024/25 ubingwa uliponyakuliwa na Kenya Police kwa mara ya kwanza katika historia yao. Kumbe watu wa sare wanaweza! Tofauti ni kwamba Polisi husajili raia, hata wachezaji kutoka nchi jirani, ilhali Ulinzi huwategemea wanajeshi.

Hapo ndipo neno "usajili" linapotuhadaa. Klabu nyingine zinapolitamka, zina maana ya mkataba unaotiwa sahihi Jumatatu ili mshambuliaji acheze Jumamosi. Kwa Ulinzi, kijana sharti kwanza aandikishwe jeshini: apimwe afya na kimo, aonyeshe cheti chake cha KCSE, kisha apelekwe Eldoret kwenye shule ya makurutu kwa miezi kadhaa. Hadi atakapoivaa jezi, safu ya mbele aliyotarajiwa kuiokoa huwa imekwisha kupoteza msimu mzima.

Kama shabiki, ningependa kanuni hiyo itupiliwe mbali leo hii. Kama mwalimu, nasita. Nakumbuka 2019, mdhamini mkuu wa ligi, SportPesa, alipojiondoa na klabu zikabaki zikihangaika. Mwaka huo huo Sony Sugar ilifukuzwa ligini kwa kukosa kufika uwanjani mara tatu. Wachezaji wangapi walirudi makwao mikono mitupu? Mwanajeshi anayecheza soka hamtegemei mdhamini kupata mshahara wake, na goti likivunjika bado ana kazi. Siwezi kumshauri mwanafunzi wangu aidharau nafasi kama hiyo eti kwa sababu mimi nina kiu ya kombe.

Basi kanuni na ibaki, ila wakuu wa timu wasingoje vijana wajilete wenyewe siku ya kuandikisha makurutu. Wawatume makocha wao kwenye michezo ya shule za upili muhula wa pili, wawatambue wenye vipaji mapema na kuwaeleza masharti waziwazi. Nasi walimu tuache kumruhusu mfungaji mabao kukwepa vipindi kwa kuwa ameiletea shule kikombe. Bila cheti, lango la kambi halitamfungukia, hata awe hodari namna gani. Na mechi mbili tatu zirudishwe huku kwetu kila msimu, maana mapenzi ya redioni yana kikomo.

Nimemwona mvulana mmoja hapa karibu, kiungo mwenye jicho la kupenyeza pasi ambalo sijaliona kwa muda mrefu. Ana miaka 17. Nimemwambia amalize mtihani kwanza. Nikipiga hesabu ya mtihani, uandikishaji na mafunzo ya Eldoret, huenda ikapita misimu mitatu kabla sijamwona katika jezi ya Ulinzi. Nitangoja, ingawa kwa kunung'unika.