Wasio na Kibao

Mwaka juzi, siku tuliyokuwa tukimsomea hitima mzee mmoja wa mtaani kwetu Tandika, alifika binti mtafiti mwenye mkoba wa karatasi, akiulizia mashirika yasiyo ya kiserikali yaliyomo mtaani. Mjumbe akamtajia mawili. La kwanza lina kibao cha bati kilichoandikwa kwa Kiingereza, na mlango ambao sijauona ukifunguliwa kwa muda mrefu. La pili lilikuwa la yatima. Mwenyewe amekwisha hamia Kibaha, na kibao amekwenda nacho. Binti akaandika "mawili", akashukuru, na kwa kuwa ni mtoto aliyelelewa vizuri hakukataa alipokaribishwa chakula.

Alikula pilau iliyopikwa katika sufuria za chama chetu cha kuzikana, akiwa amekalia kiti cha chama, chini ya turubai la chama. Sanda ya marehemu ilikuwa imenunuliwa na chama, na gari lililotupeleka makaburini lililipiwa na chama. Mimi ndiye katibu wake. Nilikuwa nimeketi hatua tatu kutoka kwake, daftari mapajani, naandika ubani wa watu. Hakuniuliza kitu. Karatasi yake ilikuwa na nafasi ya namba ya usajili, na sisi hatuna namba.

Simlaumu binti. Nawalaumu walioichapa ile karatasi, na wale wote wanaokaa mezani wakajadili ukubwa wa sekta hii kwa kutumia karatasi za namna hiyo.

Kwa miaka mingi nimesikia ugomvi wa pande mbili. Wakubwa wanasema mashirika yamezidi, yameota kama uyoga, kila mwenye mkoba ana NGO yake. Wasomi na wafadhili wanajibu kwamba la, sekta yetu bado changa na dhaifu, inahitaji kujengewa uwezo. Na kujengewa uwezo, kama tujuavyo, maana yake ni semina, chai, maandazi na posho. Wanabishana kwa sauti kubwa kama maadui. Mimi nawaona ni ndugu wa tumbo moja, kwa maana wote wawili wanahesabu vibao.

Chukua mfano wa hesabu inayoheshimika. Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani, katika utafiti mkubwa wa nchi nyingi ulioongozwa na Lester Salamon, kilikadiria kuwa nguvukazi ya sekta hii Tanzania, wenye mishahara pamoja na wa kujitolea, ni kama asilimia 2 tu ya watu wenye kufanya kazi. Na katika hao, karibu robo tatu ni wa kujitolea. Uholanzi ilipata zaidi ya asilimia 14. Haya, msomaji, tangu lini Mtanzania akawa na moyo wa kusaidiana mara saba chini ya Mholanzi? Kule mzee asiyejiweza hulelewa katika nyumba ya chama au ya kanisa, mhudumu ana mshahara, na saa zake zinaingia katika vitabu. Mbagala mzee yule yule analelewa na mkaza mwana na majirani wawili wanaopokezana kumgeuza kitandani. Saa zao haziandikwi popote. Watafiti wale, kwa haki yao, walisema kwamba hata chama kisichoandikishwa kinastahili kuhesabiwa. Lakini kusema ni jambo moja, na kumwona mtu mwenye daftari aliyekaa hatua tatu kutoka kwako ni jambo jingine.

Tujiulize pia hilo orodha la usajili lilitoka wapi. Sheria ya Vyama ni ya mwaka 1954. Tarehe 7 Julai mwaka huo huo TANU ilizaliwa hapa hapa Dar es Salaam, na sheria ile ikawa rungu mkononi mwa serikali ya kikoloni: matawi yakanyimwa usajili, na katika Jimbo la Ziwa chama kikapigwa marufuku hadi 1958. Mkoloni hakuweka orodha ili ajue ni Waswahili wangapi wanasaidiana. Aliweka ili ajue nani anakutana na nani.

Uhuru ulipokuja tuliteremsha bendera yake, lakini orodha tukalibakiza. Mwaka 1968 Jumuiya ya Ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki ilipigwa marufuku. Mwaka 1969 Jumuiya ya Maendeleo ya Ruvuma ilivunjwa, na hao walikuwa wakulima waliojiundia vijiji vya ujamaa kwa hiari yao wenyewe, yaani walikuwa wakitenda hasa yale yaliyokuwa yakihubiriwa! Mwaka 1976 vyama vya ushirika vikafutwa, vikaja kurudishwa kwa sheria ya 1982. Na tusijidanganye kwamba mambo hayo yalikwisha na mfumo wa chama kimoja. Baraza la Wanawake, BAWATA, lilisimamishwa mwaka 1996 na kufutwa mwaka uliofuata. Akina mama wakaenda mahakamani, kesi ikakaa zaidi ya miaka kumi. Chama gani kitangoja miaka kumi kikiwa hai?

Sasa nitoe mfano wa Kinondoni, ambao naupenda. Jiji lilipozuiwa na mahakama kuendelea kumwaga taka Tabata, lilihamishia jaa Kunduchi Mtongani. Mwaka 1991 watu 795 wa huko walifungua kesi Mahakama Kuu, wakadai haki yao ya kuishi bila moshi na uvundo ule, na wakashinda. Hawakwenda kama shirika. Walikwenda kama wakazi, watu wa nyumba fulani na nyumba fulani, waliochangishana, wakakubaliana, wakasimama pamoja mbele ya jaji. Hao utawaweka wapi katika jedwali la sekta? Hawakuwa na katiba, wala akaunti, wala mkaguzi wa hesabu. Jaa lenyewe, niseme kwa kupita, lilikwenda Vingunguti, kisha likaja kwetu Temeke, Mtoni, kabla ya kupelekwa Pugu Kinyamwezi. Kwa hiyo sifa ninazowapa watu wa Mtongani nazitoa nikiwa nimeziba pua.

Kinondoni hiyo hiyo kuna Hananasif. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakazi wake walichimba mitaro na kujenga barabara kwa mikono yao, wakisaidiwa na Shirika la Kazi Duniani, UNDP na fedha za Ford Foundation. Kazi ilikuwa njema, na imeandikwa mno; kila mwanafunzi wa mipango miji anaijua. Imeandikwa kwa sababu mfadhili hutaka ripoti. Lakini nenda Tandale au Keko Machungwa kila masika inapokaribia, uone watu na majembe yao wakizibua mitaro ambayo hakuna aliyewatuma kuizibua. Mtaro ni ule ule, tope ni lile lile.

Wala simo katika kundi la wanaoyatukana mashirika. Waandishi wanawake walioanzisha TAMWA mwaka 1987 wamesema mambo ambayo sisi wanaume wa mitaani tusingethubutu kuyataja barazani. WAMATA waliingia nyumba za wagonjwa wa UKIMWI wakati ambapo jirani alikuwa akipitisha sahani ya chakula kwa fito, na hapo chama chetu, naungama, hakikutenda vizuri. Tulizika watu wale haraka haraka, wengine bila kuwaosha inavyostahili. Na mwekahazina wetu mmoja aliondoka na sanduku zima, tusimwone tena mpaka leo. Kwa hiyo asije mtu akaniambia kwamba nadhani umaskini ni utakatifu. Najua pia kwamba penye sheria mwizi angeshtakiwa.

Lakini tazama sheria tulizo nazo zinavyotufanyia. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002, kama ilivyorekebishwa 2005, yenyewe inasema vikundi vya kijamii si mashirika. Vizuri, hatukuomba kuwa. Kanuni za mwaka 2018 zikataka kila mkataba wa fedha unaozidi shilingi milioni 20 upelekwe serikalini ndani ya siku kumi. Marekebisho ya 2019 yakaweka cheti cha miaka kumi, na mashirika yaliyoandikishwa kwa sheria nyingine yakatakiwa yaje chini ya msajili mmoja. Hayo ni ya wenye vibao, watayajibu wenyewe. Kilichotufikia sisi ni Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, inayotaka vikundi vya kuweka na kukopeshana viandikishwe. Sisi ni chama cha kuzikana. Hata hivyo mwanachama akiuguliwa na mtoto usiku tunampa elfu hamsini kutoka sandukuni, naye anarudisha kidogo kidogo. Je, tunakopeshana? Afisa mmoja alitujibu kwamba ndiyo, basi tu kikundi cha fedha, tulete katiba, orodha ya wanachama, majina ya viongozi na akaunti ya benki.

Na pembeni ipo chambo. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake kukopesha akina mama, vijana na watu wenye ulemavu, kwa vikundi vilivyoandikishwa. Mwaka 2023 mikopo ile ilisitishwa baada ya kuonekana fedha nyingi zilikwenda kwa vikundi hewa. Vikundi hewa, msomaji! Yaani vilikuwa na namba, mhuri na katiba, ila watu hawakuwamo. Chama chetu kina watu wa kaya 71, na kwenye karatasi ndicho ambacho hakipo. Ukitaka kuona kosa la kuhesabu kwa vibao limekomaa mpaka likazaa matunda, ni hapo.

Januari 2025 Rais wa Marekani alisimamisha misaada ya nje, na katikati ya mwaka USAID ikafungwa. Mashirika ya mjini yakapunguza watu. Vijana wawili wa mtaani kwetu waliokuwa wakihudumu katika miradi ya afya walirudi nyumbani na barua zao. Niliwahurumia, na kazi waliyokuwa wakiifanya ilikuwa ya lazima. Kwa wenye jedwali, bila shaka sekta ya Tanzania ilisinyaa mwaka huo. Kwangu, daftari linaonyesha misiba minne kati ya Februari na Aprili, na michango yote ilikamilika, ukiondoa ya mama mmoja muuza vitumbua ambaye tulimsamehe.

Sasa tumegawanyika. Vijana wetu wanataka tuandikishwe ili tuombe mkopo, tununue viti na maturubai zaidi, tuyakodishe kwenye harusi, chama kipate kipato. Si wajinga, wawili kati yao wamesoma kuliko mimi. Wazee wanaogopa. Wanasema tukishakuwa na viti vya kukodisha, atakayefiwa siku ya harusi ya mtu mwenye fedha atapata nini? Na wanaogopa pia lile orodha la majina, ingawa hawasemi kwa nini. Umri wao unawakumbusha.

Kikao ni Jumapili ijayo, baada ya alasiri, uani kwa mwenyekiti. Nitasimama niseme hapana, na nikishindwa kwa kura nitaiandika katiba yenyewe, kwa kuwa hakuna mwingine mwenye mwandiko unaosomeka.