Tik-tik-tik si kibali cha kununua stata mpya

Niseme wazi tangu mwanzo: fundi anayebadilisha spea kabla ya kupima hatengenezi gari. Anacheza bahati nasibu, na tiketi unanunua wewe.

Hadithi mnaijua. Asubuhi unageuza ufunguo, taa za dashibodi zinawaka, halafu unasikia tik-tik-tik na injini haizunguki. Fundi anaitwa. Anasikiliza mara moja tu na kutoa hukumu: "Hiyo ni stata." Unatumwa Kirinyaga Road, ile ambayo wengi bado wanaiita Grogan, unarudi na stata kuukuu kutoka Japani. Inafungwa. Tik-tik-tik! "Aa, basi ni betri." Betri inanunuliwa. Kwa dereva wa teksi hizo ni siku mbili bila kazi, na mkopo wa gari hausubiri mtu.

Sisi waandishi wa programu tunamjua mtu wa namna hii. Anabadilisha mistari ya kodi ovyo mpaka programu ikubali kwenda. Hata akifaulu, hajui alichorekebisha. Kazini tunamkemea, lakini gereji tunamlipa!

Ajabu ni kwamba mlio wenyewe ni ujumbe. Ndani ya solenoidi ya stata kuna koili ya sumaku inayovuta chuma ili kuunganisha umeme mkubwa wa betri na mota. Tik-tik ya harakaharaka maana yake ni kwamba sumaku inavuta, mota inadai mkondo mkubwa, volti zinaanguka, sumaku inaachia, volti zinapanda, inavuta tena. Kwa kawaida hapo betri imeishiwa chaji au kuna muunganisho mbovu mahali fulani. "Tak!" moja nzito ni habari nyingine. Washa taa kubwa kisha piga stata. Taa zikibaki na mwanga uleule, umeme haupiti kwenye mota: huenda vigusio vya solenoidi vimelika au brashi za kaboni zimeisha. Taa zikififia kabisa, rudi kwenye betri na waya zake, au kuna kitu kimekwama, mota au injini yenyewe.

Hizo bado ni dhana. Ushahidi unatoka kwenye multimita, na ya bei nafuu utaipata Luthuli Avenue kwa sehemu ndogo sana ya bei ya betri. Weka gia kwenye P au huru, vuta breki ya mkono, mwombe mtu akupigie stata, na weka mikono mbali na feni na mikanda. Kisha:

1. Pima betri gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa. Iliyojaa husoma karibu volti 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki na kama nusu ya chaji. Ikiwa chini ya 12, ichaji kwanza kabla ya kulaumu kitu kingine.

2. Pima tena stata ikipigwa, ncha za mita zikigusa risasi yenyewe ya betri, si vibano. Ikiwa betri uliyoijaza chaji inaanguka chini ya volti 9.6 hivi, ishuku betri.

3. Gusa ncha chanya ya betri na skrubu ile nene ya stata inayopokea waya wa betri, stata ikipigwa. Ikizidi nusu volti, waya au kibano kinakula umeme. Fanya hivyohivyo kati ya ncha hasi na bodi ya stata; hapo hata volti 0.3 ni nyingi.

4. Volti zote zinafika na mota haizunguki? Sasa, na sasa tu, lete habari za stata.

Hatua ya 3 ndiyo inayorukwa zaidi, na hesabu yake ni rahisi. Stata ya gari dogo la petroli huvuta kama ampea 150. Uchafu kwenye kibano ukiwa na ukinzani wa omu 0.02 tu, 150 mara 0.02 ni volti 3 zilizopotea njiani. Ule unga mweupe au wa kijani unaweza kukunyima safari, na dawa yake ni maji moto, magadi na brashi ya waya.

Najua jibu la mafundi: "Nina uzoefu wa miaka ishirini, sikio langu linatosha." Sikio zuri linakuambia uanze kupima wapi. Halioni omu 0.02. Wengine wataleta mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Sawa, lakini katika magari mengi tunayoendesha kompyuta hiyo haipimi umeme unaopotea kwenye waya wa stata. Tena volti zikishuka, inaweza kukupa rundo la makosa ya uongo.

Lakini fundi si mkosaji peke yake. Sisi wenye magari hatutaki kulipia upimaji. Fundi akitumia nusu saa na mita, akasafisha kibano na kuomba shilingi elfu moja, tunapiga kelele: "Kwani umefanya nini?" Akituuzia stata tusiyoihitaji, tunalipa bila kinyongo kwa sababu tumeona chuma. Tumemfundisha kwamba ukweli haulipi na spea inalipa. Wateja wa programu wako vivyo hivyo: kutafuta kosa siku nzima na kubadilisha mstari mmoja, kwao si kazi.

Basi tuanze upande wetu. Kabla ya kutoa hata shilingi ya spea, uliza swali moja: "Umesoma volti ngapi, na wapi?" Akiwa na namba, mlipe kwa namba hizo hata kama hakubadilisha kitu. Asipokuwa nazo, funga boneti utafute fundi mwingine.