FEZA YA AMBUSHIRI: TUPIME KWANZA, TUNUNUE KISHA



Tangu trimestri hii ianze, neno moja linazunguka ku bweni, ku refektwari na hata nyuma ya kapela: ambushiri ya tuba. Wote mnajua kwamba fanfari yetu ina tuba moja tu. Wote mnajua vilevile kwamba feza ya kununua ambushiri mpya imekwisha kukusanywa. Ni ile ya makabichi na vitunguu vya bustani, tulivyolima sisi wote, wakubwa na wadogo, hata wale wasioweza kupuliza filimbi. Kwa hiyo neno hili si la wanafanfari peke yao. Ni la kila mtu aliyeshika jembe.

Tumesikiliza maneno ya wengi. Wengine wanasema: «Mununue ile yenye kungaa.» Wengine: «Mulete ile ya mukubwa kabisa, sauti itafika mpaka ku soko.» Wengine tena: «Ambushiri ni ambushiri, yote ni sawa tu.» Kwa heshima yote, sisi hatukubali. Maoni yetu ni haya: ambushiri inachaguliwa kwanza na tuba yenyewe, pili na mdomo wa yule anayepuliza, na feza isitoke katika sanduku mbele ya vipimo kuchukuliwa.

Kwa wale wasio wa fanfari, tueleze kidogo. Ambushiri ni kile kipande cha chuma ambacho mpulizaji anaweka midomo yake. Ina sehemu nne. Kuna ukingo unaogusa midomo. Kuna kikombe, pahali pumzi inapoingia. Chini ya kikombe kuna koo, yaani tundu jembamba. Mwisho kuna mkia unaoingia katika bomba la tuba. Tuba haina sauti kama midomo haitetemeki ndani ya ukingo ule. Mtu anaweza kusafisha pistoni zote na kungarisha tuba mpaka ajione uso wake ndani, lakini kama ambushiri ni mbaya, kazi yote ni bure.

Basi, kwa nini tunasema tuba ndiyo inachagua kwanza? Ni juu ya mkia. Tuba ya kwanza iliandikishwa Berlin mwaka 1835 na Wilhelm Wieprecht na Johann Gottfried Moritz. Muda mfupi kisha, Adolphe Sax, mwana wa Dinant katika Ubelgiji, akatengeneza jamaa yake ya vyombo vya kupuliza, na viwanda vya inchi nyingine vikafuata, kila kimoja na njia yake. Hawakupatana hata siku moja juu ya kipimo kimoja cha bomba. Mara nyingi tuba za zamani za Uingereza zina tundu jembamba, zile za Marekani zina tundu la katikati, na nyingi za Ujerumani zina tundu pana zaidi. Tofauti kati ya kipimo cha Marekani na kile kipana haifiki hata milimita moja. Kwa jicho hauioni. Lakini tuba inaiona!

Na katika inchi yetu vyombo vimetoka pande zote. Jeshi la Wokovu lilifika Kinshasa, iliyoitwa wakati ule Léopoldville, mwaka 1934, na kila pahali lilipo linapenda fanfari. Misioni zingine nazo zilipata vyombo kwa marafiki wa ngambo, hapa kimoja, pale kimoja. Nani anaweza kusema bila kupima kwamba mkia wa duka la mjini utaingia sawasawa katika bomba la tuba yetu?

Ushuhuda uko mbele ya macho yetu. Ambushiri tuliyo nayo sasa ilinunuliwa mjini kwa muuzaji mmoja aliyeapa kwamba inafaa tuba yoyote. Mkia wake ni mwembamba. Inaingia ndani kupita kiasi na kucheza kama jino la mzee, na kila Jumapili inavikwa karatasi ya kayee ili isimame. Karatasi inalowa mate, hewa inatoroka pembeni, na nyimbo mbili hazijakwisha sauti inaanza kutetemeka. Tena, mkia ukiingia sana, urefu wa bomba unapungua na sauti inapanda. Ukibaki inje sana, sauti inashuka. Mpulizaji anavuta bomba la kulinganisha, anapata noti moja, anapoteza zingine. Kisha watu wanasema: «Ule kijana hajui kupuliza.» Ni kumwonea bure.

Mkia unaofaa unaingia kiasi cha sentimita mbili hivi, kwa kuzungusha kidogo na mkono, unasimama, hauchezi. Hilo ndilo sherti la kwanza, na halina msamaha.

Sherti la pili ni mdomo. Upana wa ndani wa ukingo wa ambushiri ya tuba ni kati ya milimita 30 na 34 hivi. Ile ya tromboni ni kama 25 ao 26, na ile ya trompeta kama 16 ao 17. Kwa hiyo muuzaji akikuonyesha ambushiri ya tromboni na kusema ni ya tuba ndogo, usimsikilize. Ukingo mpana unapatia midomo nafasi ya kutetemeka, na noti za chini zinatoka kwa unene. Lakini unadai pumzi nyingi na midomo iliyokwisha kuzoezwa. Kikombe chenye kina kinatoa sauti nzito, ya kifua. Kikombe kifupi kinatoa sauti nyangavu na kusaidia noti za juu. Koo pana linameza pumzi upesi. Koo jembamba linaizuia. Hakuna iliyo bora kupita zote. Ni kama viatu: namba 45 si bora kupita 40, ni ya mguu mwingine.

Na hizo namba tuziangalie kwa akili. Katika ambushiri za Bach, namba inapopanda, ukingo unapungua: ile ya 18 ina karibu milimita 32 na nusu, ile ya 24AW inapita 31 kidogo tu. Katika zile za Schilke ni kinyume, namba inapopanda ukingo unaongezeka. Anayetuma mtu na neno moja tu, «lete namba kubwa», hajui atakacholetewa.

Sasa tunafika pahali pagumu. Yule anayepuliza tuba leo ni finalisti kama sisi, rafiki yetu, na anapuliza vizuri. Anataka ambushiri pana, yenye kikombe cha kina kabisa. Kwa mdomo wake ana haki. Lakini kisha egzameni ya Serikali yeye atakwenda, na sisi pamoja naye. Tuba itabaki. Nani ataipuliza mwezi wa tisa? Ni wadogo wa darasa la pili na la tatu, ambao leo wanapewa dakika kumi tu kisha mazoezi, wakubwa wakipumzika. Ukimpa mtoto wa miaka kumi na mine ukingo wa mwisho wa upana na kikombe kama bakuli, atachoka mbele ya ubeti wa pili, atasukuma chuma juu ya midomo mpaka iumie, na kisha mwezi mmoja atarudi ku ngoma. Sisi tunapendelea ukingo wa katikati, kama milimita 31 ao 32, na kikombe cha kina cha kadiri. Mkubwa ataweza kuupuliza hata kama haumpendezi sana. Mdogo ataweza kukua ndani yake. Feza ya wote inunue kitu cha wote.

Juu ya neno hilo, kuna binti mmoja wa darasa la tatu anayependa tuba, na wengine wanamcheka: «Midomo yako ni midogo, tuba ni ya wanaume.» Tunawaomba waache. Midomo minene ao myembamba, mtu hawezi kuihukumu kwa kuitazama. Kinachohukumu ni sauti inayotoka. Apewe ambushiri inayofaa, apewe wakati kama wengine, kisha tusikilize. Orkestra ya Wakimbangu ya Kinshasa, iliyoanzishwa mwaka 1994, ilianza na vyombo vichache kuliko watu, nao wakavitumia kwa zamu. Leo inajulikana mpaka Ulaya. Zamu haikuwazuia.

Tunajua mtakayotujibu: «Sikukuu iko karibu, hakuna wakati wa kupimapima.» Ndugu, kwa sikukuu tutapuliza na ile ya zamani na karatasi yake, jinsi tulivyofanya mpaka leo. Ni afazali kuvumilia Jumapili chache kuliko kukaa na kosa jipya kwa miaka kumi. Haraka haraka haina baraka, na vitunguu havioti kwa usiku mmoja.

Kwa hiyo tunaleta mashauri haya mbele ya Bwana Prefe, mwalimu wa muziki na kamati ya fanfari:

1. Seremala wa shule achonge kijiti cha mti mgumu, kiingie katika bomba la tuba mpaka kisimame bila kucheza. Atie alama pahali kilipoishia. Huo ndio mkia wetu wa mfano. Yule atakayetumwa ausafirishe na kuulinganisha na kila ambushiri.

2. Karatasi ya kutuma iandikwe: upana wa ukingo, kina cha kikombe, na kwamba tuba yetu ni ya si bemoli. Isiandikwe «kubwa» ao «nzuri».

3. Muuzaji akubali kwa maandishi kwamba itarudishwa kama haiingii. Asiyekubali, tumwache.

4. Ikifika, ijaribiwe juma mbili na watu watatu, mkubwa mmoja na wadogo wawili: noti ndefu chini, katikati na juu, zikilinganishwa na armoniumu ya kapela. Mwalimu asikilize akiwa mwisho wa kapela, asimame mbali na tuba.

5. Feza ikibaki, inunuliwe tena ambushiri ya plastiki yenye mkia uleule. Bei yake ni ndogo, na wadogo watajifunza nayo.

6. Kila ambushiri ioshwe kwa sabuni na maji ya uvuguvugu kisha kila mazoezi, maana midomo mingi inapita pale. Ikinasa ndani ya bomba, mtu asilete pensi ao nyundo. Amwite mwalimu.

Mashauri haya hayadai feza zaidi. Yanadai kijiti kimoja, karatasi moja na uvumilivu kidogo. Anayeona namna ingine atuandikie; kurasa za gazeti hili ni zenu. Lakini tafazali, feza isiondoke mbele ya kijiti kuchongwa.

Kapita wa wanafunzi,
kwa jina la mafinalisti, darasa la sita