Soko la ajira Mwanza: mwombaji kazi naye aulize

Katika mialo ya Ziwa Victoria hakuna mvuvi anayemkabidhi wakala sangara wake bila kuuliza kilo inanunuliwa kwa shilingi ngapi, mzani ni wa nani, na malipo ni ya papo hapo au ya kesho. Maswali hayo ni kawaida ya biashara. Hakuna wakala anayemwona mvuvi kuwa jeuri kwa kuyauliza.

Katika soko la ajira mambo ni kinyume. Kijana aliyemaliza Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, au Chuo cha Uvuvi cha Nyegezi, anaingia mbele ya jopo la usaili akiwa amekariri majibu ya kila swali. Mwishoni mwenyekiti wa jopo anamwuliza kama ana swali lolote. Jibu la wengi ni moja: "Hapana, asanteni sana." Anatoka akiwa ameuza nguvu na elimu yake bila kujua mzani ni wa nani.

Sababu za ukimya huo zinaeleweka. Waombaji ni wengi, nafasi ni chache, na kijana amelelewa kuona kwamba kumhoji mkubwa ni utovu wa adabu. Lakini usaili ni mapatano ya biashara, na katika mapatano upande usiouliza ndio unaobeba hasara ya mambo yasiyosemwa. Dakika tano za mwisho ndizo pekee ambazo mwajiri analazimika kujibu akiwa bado anamhitaji mwombaji. Zikipita, anayetakiwa kujibu ni mfanyakazi tu.

Swali la kwanza linalofaa kuulizwa ni la kazi yenyewe: aliyekuwa akiishika nafasi hii yuko wapi sasa? Kama amepandishwa cheo, hiyo ni habari njema. Kama nafasi imeshikwa na watu watatu kwa mwaka mmoja, hiyo pia ni habari, na mwombaji anapaswa kuipata kabla ya kutia saini. La pili linafuatana nalo: baada ya miezi mitatu, kazi yangu itapimwa kwa kitu gani? Meneja asiyeweza kulijibu swali hilo hajajua bado anamwajiri mtu wa nini.

Swali la tatu linahusu mkataba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi kwa maandishi maelezo ya kazi yake, tarehe ya kuanza, aina ya mkataba na muda wake, mahali pa kazi, saa za kazi na malipo yake. Shauri likifika mbele ya sheria na mwajiri akashindwa kutoa maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha kilichokubaliwa ni wake. Kwa hiyo mwombaji anayeuliza, "Mkataba wangu ni wa muda gani, na nitaupata lini kwa maandishi?" haombi fadhila.

Aulize pia muda wa majaribio ni miezi mingapi. Sheria hiyo haimpi kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki mtu ambaye hajatimiza miezi 6 kwa mwajiri huyo. Hicho ndicho kipindi ambacho kijana anahama nyumbani, anapanga chumba Nyakato au Igoma, na pengine anakopa kwa ajili ya godoro na jiko. Ni vema ajue amesimama wapi.

Swali la nne ni la makato. Katika sekta binafsi mchango wa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya asilimia 10. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi huchangiwa na mwajiri peke yake. Kwa mtu atakayeshinda na kisu cha minofu mkononi, juu ya sakafu yenye maji, kuuliza kama mwajiri amejisajili katika mfuko huo ni jambo la msingi kuliko kuuliza kuhusu chai ya saa nne.

Swali la tano ndilo zito zaidi kwa watu wa ukanda wa ziwa: soko likifungwa, itakuwaje kwetu? Mwaka 1998 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wabichi kutoka Afrika Mashariki kwa sababu ya kipindupindu. Mwaka 1999 ulizuia tena, safari hiyo kwa hofu ya sumu iliyotumika kuvulia. Viwanda vya minofu vilipunguza kazi, na aliyeumia kwanza ni kibarua wa siku, ambaye hakuhitaji hata barua ya kuachishwa. Mwaka 2020 ndege zilipopungua duniani kwa ajili ya korona, wauzaji wa minofu waliokuwa wakitegemea usafiri wa anga walionja tena shida ya aina hiyo. Sangara wanapoadimika ziwani, mashine hufanya kazi chini ya uwezo wake hata kama soko liko wazi.

Mwombaji anayeuliza mali ghafi inatoka wapi, na kiwanda hufanya nini na watu wake wakati wa uhaba, anauliza juu ya mkate wake. Sheria inamtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi atoe taarifa na kufanya mashauriano kwanza. Pia aliyetumikia miezi 12 mfululizo au zaidi anastahili kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10, isipokuwa kama ameachishwa kwa kosa la nidhamu. Haki hizo humfikia kwa urahisi yule ambaye jina lake na tarehe yake ya kuanza viliandikwa tangu mwanzo.

Wenye viwanda watasema kwamba mtu wa maswali ni mtu wa matatizo. Hoja hiyo haina faida hata kwao. Marufuku ya 1998 na 1999 yalihusu usalama wa chakula. Kiwanda kinachouza Ulaya kinamhitaji mkaguzi wa ubora ambaye siku ya usaili anathubutu kuuliza, "Nikiona mzigo haufai, nina mamlaka ya kuusimamisha, au nasubiri ruhusa?" Aliyenyamaza mbele ya jopo akiomba kazi atanyamaza pia mbele ya msimamizi wake saa nane usiku, samaki wameanza kuharibika na lori linangoja. Gharama ya ukimya huo ni kontena kurudishwa.

Namna ya kuuliza nayo ina thamani yake. Yanayosomeka kwenye kibao cha getini yasiulizwe. Maswali ya kazi yatangulie, ya mshahara yafuate, na lugha iwe ya staha: "Ningependa kufahamu," au "Naomba mnieleze." Matatu yaliyochaguliwa vizuri yanatosha. Jibu liandikwe kwenye daftari mara tu mtu anapotoka nje, maana ahadi ya mdomo husahaulika upesi kwa aliyeitoa.

Ni kweli kwamba anayesimama getini alfajiri pamoja na watu mia hana nafasi ya kuuliza maswali matano. Yeye aulize moja: jina langu linaandikwa wapi, na mwajiri wangu ni kiwanda au ni wakala? Aweke pia hesabu ya siku zake mwenyewe. Matakwa ya mkataba wa maandishi hayamhusu anayefanya kazi chini ya siku 6 kwa mwezi kwa mwajiri mmoja, lakini wengi wanaoitwa vibarua wamekwisha kuvuka hesabu hiyo mara nyingi bila kujua.

Vyuo vya Mwanza vinawafundisha wahitimu kuandika barua ya maombi na kuvaa tai. Viwafundishe pia kuuliza. Na maofisa utumishi waache dakika kumi za haki mwishoni mwa kila usaili, wajibu kwa ukweli, hata pale ambapo ukweli huo ni kwamba mkataba ni wa msimu na msimu wenyewe hauna uhakika. Atakayekubali kazi baada ya kusikia hivyo amekubali akijua, na hana sababu ya kukimbia mwezi wa pili.