Tulipoketi Sote Penye Nyama Choma



Wengi wetu tuishio kambini twaijua nyama choma kupitia dirisha la basi. Ukitoka Kampala kwenda Jinja, basi halijasimama vizuri pale Namawojjolo, wachuuzi wamekwisha kulizingira na vijiti vyao vya nyama, kuku na gonja. Unalipa upesi, unakula njiani. Lakini kuketi mkahawani na mume na watoto, tukaagiza nyama na kuingojea, sikupata kufanya hivyo hata Jumamosi moja baada ya mshahara wa mwezi uliopita.

Mahali penyewe hapana makuu: paa la mabati, mabenchi, na jiko refu la makaa. Nyama mbichi hutundikwa. Mteja huchagua mwenyewe, nayo hupimwa kabla ya kuchomwa. Tulichukua nyama ya mbuzi, kilo mbili. Baada ya muda wa karibu saa nzima tuliletewa juu ya ubao, imekatwakatwa, chumvi pembeni, pamoja na posho na kachumbari. Hapakuwa na uma wala kisu. Watoto walinitazama kama waombao ruhusa. Nikanawa, nikawa wa kwanza kunyosha mkono.

Mtoto wetu wa pili akauliza, "Mama, mbona nyama imekuwa kidogo?"

Aliuliza haki. Moto huitoa nyama maji yake, na mafuta huyeyuka yakadondokea makaa, yakafanya ule moshi wenye harufu tuipendayo. Nyama yaweza kupungua robo ya uzito wake au zaidi, na mifupa bado haijatolewa. Basi mama apangaye matumizi na ahesabu kitakachofika mezani, siyo kilichosomwa kwenye mizani. Tena atazame kwamba nyama iliyoiva haikatwi juu ya ubao uliowekewa mbichi, na kwamba imeiva hadi ndani. Nyama ya ng'ombe isiyoiva yaweza hata kuleta mnyoo tegu.

Tulipokuwa tukila, mchomaji alikuja kumsalimu Baba Watoto kwa furaha.

"Karibu, afande! Leo wale wenzako wako wapi?"

Baba Watoto akainamisha macho. Mimi nikaihesabu kimya kimya miezi ile ambayo mshahara ulifika nyumbani pungufu, nami nikapika maharagwe juma zima. Sikusema neno. Mzazi hatahayarishwi mbele ya watoto wake.

Usiku, watoto walipokwisha lala, alianza yeye. "Mama Watoto, sikujua kwamba wangependa namna ile."

"Wangependaje wasichokionja?" nikamjibu.

Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha tukapatana: mwisho wa kila mwezi, fedha ya chakula itatolewa kwanza, ikibaki ya nyama choma, tutakwenda sote. Na wenzake akiwataka, awakaribishe nyumbani pamoja na wake zao. Nitawasha jiko uani.

Ndugu zetu askari, siwakatazi kuketi na wenzenu. Kazi yenu ni ngumu, na mazungumzo hutuliza moyo. Naomba tu kwamba mwezi huu, kabla ya kuagiza, mmkumbuke anayewangojea nyumbani na sufuria ya maharagwe.

Hadi juma lijalo, kwaherini.