Mbolea imefika, kibarua je?

Waingereza walipoitawala Njombe walitaka watu kuliko mazao. Kodi ya kichwa iliwatoa vijana wa Kibena kwenye mashamba yao, na kuanzia 1944 SILABU, ofisi ya kuajiri vibarua wa mkonge, ikawa inawakusanya na kuwapeleka kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Hao ndio manamba. Sera ya leo inamvuta mtu abaki kwao: ruzuku ya mbolea iliyozinduliwa Agosti 2022 imempunguzia gharama mkulima wa viazi, nami naiunga mkono kwa moyo wote. Lakini ruzuku humfikia aliyesajiliwa pamoja na shamba lake. Kibarua anayechimba viazi kwa ujira wa siku, na mpakiaji anayejaza malori yanayopitia Makambako kwenda Dar es Salaam, hawamo kwenye daftari la usajili huo. Tena gunia wanalobeba mara nyingi ni lumbesa, yaani lililojazwa kupita kipimo, ingawa sheria ya vipimo inakataza kuzidi kilo 100. Mkulima anapunjwa, mgongo wa mpakiaji unavunjika. Wakala wa Vipimo wafike shambani wakati wa kufungasha, na halmashauri ziwaandikishe vibarua kama zinavyowaandikisha wakulima, kuanzia msimu ujao.