Nani hula nyama, nani huachiwa mchuzi?

Ndugu msomaji, mara ya mwisho nyama ilipopikwa nyumbani kwako, ni nani aliyepakuliwa vipande na ni nani aliyeachiwa mchuzi? Kabla hujanijibu, tutembee kidogo mjini Nakuru.

Mtaani Milimani, mama hununua nyama ya wiki nzima na kuitia kwenye friji, pamoja na soseji za watoto za kiamsha kinywa. Ukishuka hadi Kaptembwa au Rhonda, utakuta jamaa ya watu sita ikigawana robo kilo Jumapili. Siku nyingine ni matumbo, au kipande cha mutura ambacho baba amekila kando ya njia akirudi kutoka kibaruani. Huko Naivasha, wafanyakazi wengi wa mashamba ya maua huiona bucha mwisho wa mwezi, mshahara ukiingia. Mfugaji wa upande wa Baringo ana mbuzi zizini, lakini hachinji ovyo, kwa maana mbuzi huyo ndiye karo ya shule. Nao Wahindi wengi wa mji huu hawagusi nyama kabisa kwa sababu ya dini, na pesa zao huenda kwenye dengu, maharagwe na maziwa.

Tofauti hizi si jambo geni. Mnamo 1857, mtakwimu Mjerumani Ernst Engel alionyesha kwamba kadiri jamaa ilivyo maskini, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya mapato yake inavyomezwa na chakula. Tajiri hutumia shilingi nyingi zaidi kwa nyama, lakini haimuumi. Maskini hutumia chache, nazo zamuuma.

Hata hivyo, naamini kwamba tukikomea kwenye mapato tutakuwa tumejidanganya. Katika nyumba nyingi pesa za nyama zipo, ila haziingii katika sufuria ya nyumbani.

Simama Kikopey, karibu na Gilgil, kando ya barabara kuu ya Nairobi kwenda Nakuru, siku ya Jumamosi jioni. Wanaoketi mbele ya sinia za nyama choma ni akina nani? Wengi ni wanaume wenye kazi. Sisemi ni dhambi mtu kujiburudisha na marafiki, la hasha! Lakini piga hesabu nami. Kilo moja ya nyama isiyo na mfupa, ukimpa mtoto mdogo gramu 30 kwa siku, itamtosha mwezi mzima. Wanaume watatu huimaliza kabla ya mpira kufika mapumziko.

Na mtoto huyo ndiye mwenye haja zaidi. Akishatimiza miezi sita, madini ya chuma aliyozaliwa nayo huanza kupungua, na maziwa ya mama pekee hayawezi kuyarudisha. Akiyakosa, huishiwa damu, na ubongo wake unaokua huathirika. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2023 kwamba mtoto wa miezi 6 hadi 23 apewe nyama, samaki au mayai kila siku. Hapa Kenya, uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 18 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Mama mjamzito naye huhitaji damu ya watu wawili, lakini mila zetu nyingi humweka nyuma. Zipo jamii ambazo firigisi ya kuku ni ya baba, na mama aliyempika kuku huyo hajui ladha yake.

Akina mama wengi hudhani kwamba mtoto akipewa supu amekula nyama. Si kweli. Protini na madini ya chuma kwa sehemu kubwa hubaki katika kipande chenyewe. Mchuzi huleta harufu na ladha, basi. Mtoto asiye na meno akatiwe nyama vipande vidogo sana, au isagwe na kuchanganywa na viazi.

Upande wa pili, walio na uwezo wasijipongeze mapema. Mwaka 2015, wataalamu wa saratani wa shirika hilohilo waliiweka nyama iliyosindikwa, kama vile soseji na bekoni, katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani ya utumbo. Nyama nyekundu waliiweka katika kundi la vile ambavyo huenda vikaisababisha. Hazina ya Dunia ya Utafiti wa Saratani hushauri mtu mzima asizidishe kati ya gramu 350 na 500 za nyama nyekundu iliyopikwa kwa wiki. Kuna bwana anayepita kiasi hicho kwa kikao kimoja, halafu anashangaa kuambiwa ana jongo.

Kwa hivyo, ndugu msomaji, nakusihi ufanye mambo machache. Unapopakua, anza na mtoto mdogo na mama mjamzito. Bei ya nyama ikikushinda, nunua omena, mayai au matumbo, na usiudharau mchanganyiko wa maharagwe na sukuma wiki. Baada ya mlo huo kula chungwa, maana husaidia mwili kufyonza chuma, na chai isubiri saa moja au zaidi, kwa kuwa hukizuia. Nawe baba, kabla hujaagiza kilo ya pili, mkumbuke aliye nyumbani.

Wahenga walisema kamba hukatikia pembamba. Katika nyumba zetu nyingi, pembamba hapo ni yule anayeramba mchuzi huku wenzake wakitafuna.